MREJESHO: Simu za ugenini sasa napokea

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nifanyeje na simu huku ugenini, maana ana kwa ana naelewana na watu vizuri, ila kwenye simu napotea kabisa.

Kilichonisaidia zaidi ni kurudia nilichosikia kabla ya kukata. Juzi karani wa kliniki alinipa miadi, nikamrudishia siku, mwezi na saa, polepole. Akanirekebisha: ni jioni, siyo asubuhi. Hakukasirika hata kidogo.

Aliyesema nitaje mwezi kwa jina, ubarikiwe. 03/04 kwa Wamarekani ni Machi 4, kwa Waingereza ni Aprili 3!

Zinazonisumbua bado ni simu za ghafla, nikiwa barabarani kwenye kelele. Mwenye mbinu aongezee.