Robert Owen: baba wa ushirika, au tajiri mwenye huruma tu?

Mleta mada

Wadau, kwenye mafunzo ya ushirika jina la Robert Owen hutajwa mapema, tena kwa heshima ya "baba". Mimi napinga. Mzee huyu, mzaliwa wa Newtown, Wales, mwaka 1771, alikuwa mwenye kiwanda, basi.

New Lanark, kijiji cha vinu vya kusokota pamba kando ya mto Clyde huko Uskoti, kilikuwa mali ya wenye hisa muda wote aliokuwapo. Yeye na wenzake walikinunua kwa David Dale, baba mkwe wake, kwa pauni 60,000, na akaanza kukiendesha Januari 1800. Mwaka 1809 kikaingia mikononi mwa washirika wengine kwa pauni 84,000. Mwisho wa 1813 kikapigwa mnada, kikaenda kwa 114,100. Kila mauzo Owen alibaki ndani, mwenye hisa na meneja. Wasokotaji hawakupata hisa wala kura. Ushirika upo wapi hapo?

Fundi Nyuzi

Mkuu, bei zako ni sahihi, ila umeruka duka, na duka ndilo kiini cha mambo.

Kabla ya Owen, wauzaji wadogo pale kijijini walikopesha watu bidhaa hafifu kwa bei ya kuumiza. Ikifika siku ya mshahara, fedha yote ilishaliwa na deni. Owen akafungua duka la kiwanda. Alinunua kwa jumla, akachagua bidhaa bora, akauza kwa nyongeza ndogo juu ya bei ya kununulia. Kwa maelezo yake mwenyewe, matumizi ya familia yalipungua kwa asilimia 25. Ziada iliyobaki haikwenda kwa wenye hisa, iligharimia shule.

Ongeza mfuko wa wagonjwa: kila mfanyakazi alikatwa sehemu moja ya sitini ya mshahara wake. Na ule mnada wa 1813 haukuwa biashara ya kawaida. Washirika wapya, akiwemo mwanafalsafa Jeremy Bentham na William Allen (huyu wa madhehebu ya Friends, ambayo Wakenya wanayajua kutoka Kaimosi), walikubali faida yao iishie asilimia 5 kwa mwaka, na kinachozidi kiende kwenye elimu na ustawi wa kijiji. Nani mwingine mwenye kinu alitia saini masharti kama hayo?

Bi. Daftari

Duka la mwajiri linabaki duka la mwajiri. Anayekulipa ndiye anayekuuzia unga, na nyumba unayolala ni yake. Hilo likiwa mikononi mwa mtu mbaya ni mtego, na sheria za Uingereza baadaye zilipambana nalo. New Lanark ilinusurika kwa sababu Owen hakuwa mtu mbaya. Mfumo wenyewe haukuwa na kinga yoyote.

Tuangalie pia usimamizi. Kila mfanyakazi alitundikiwa kibao cha mbao, urefu inchi mbili hivi na upana inchi moja, pande nne, kila upande na rangi yake. Nyeusi ni mwenendo mbaya, bluu wa wastani, njano mzuri, nyeupe mzuri sana. Upande unaotazama mbele ulionyesha mwenendo wa jana yake, na alama ikaandikwa kwenye kitabu cha tabia siku baada ya siku, mwaka mzima. Owen alijisifu kwamba kwa njia hiyo hakuhitaji viboko wala matusi.

Lakini angalia kasoro. Anayegeuza kibao ni msimamizi. Kipimo hakikuwa uzito wa uzi wala idadi ya nyuzi zilizokatika; kilikuwa maoni ya mtu kuhusu mtu. Rufaa ilikuwepo, nakubali, ila ilikwenda kwa Owen mwenyewe. Wanachama wa ushirika hukagua vitabu vya meneja. Kule meneja ndiye aliyewakagua, mpaka usafi wa nyumba zao ukawa na wakaguzi.

Kinu cha Maji

Kidogo tu kuhusu uzalishaji, maana huruma peke yake haiendeshi mashine. Maji ya Clyde yaliletwa kwa mfereji uliopita kwenye handaki lililochongwa mwambani, yakageuza magurudumu bila gharama ya makaa. Owen naye alikuwa fundi hasa. Kabla ya New Lanark alisimamia kinu cha Drinkwater kule Manchester, chenye watu wapata 500, akiwa na miaka ishirini na kidogo. Uzi wa pamba hupimwa kwa idadi ya mafungu ya yadi 840 yanayotoka katika ratili moja. Anasimulia kwamba aliutoa kwenye 120 akaupandisha kupita 250. Uzi mwembamba namna hiyo unauzwa ghali, na unakatika ovyo pamba ikichambuliwa vibaya.

Sasa saa za kazi. Mwaka 1816 aliiambia kamati ya Bunge kwamba siku nzima ya kazi kwa watu wake ni ya saa 12, wakipumzika nusu saa ya kifungua kinywa na dakika 45 za chakula cha mchana. Toa, utabaki na saa 10 na robo tatu. Vinu vingi vilikuwa vinakwenda 13 au 14. Watoto chini ya miaka 10 hakuwaajiri; walikuwa shuleni. Aliisukuma sheria ya viwanda, lakini ilipopita mwaka 1819 ilikuwa imechujwa: vinu vya pamba tu, umri miaka 9, saa 12 kwa walio chini ya miaka 16, na wakaguzi wa serikali hakuna. Bila mkaguzi, sheria ile ilibaki karatasi.

Na pamba ile ililimwa na watumwa. Sioni anayemtetea akiligusa hilo.

Fundi Nyuzi

Naligusa: ni kweli, na Lancashire nzima, eneo la vinu vya pamba Uingereza, ilikuwa hivyo. Haimsafishi. Ila swali la mada ni ushirika.

Mleta mada

Basi turudi huko. Alipojaribu ushirika wenyewe alishindwa. Kijiji cha New Harmony, Indiana, Marekani, alikinunua 1825. Kufikia 1827 kimesambaratika, na sehemu kubwa ya utajiri wake ikaenda nacho.

London mwaka 1832 akafungua soko la kubadilishana kazi. Unaleta koti, linathaminiwa, unapewa noti za saa, saa moja ikihesabiwa peni 6. Koti la shilingi 12, yaani peni 144, ni noti ya saa 24. Kwenye karatasi safi kabisa. Kilichotokea: kitu kilichothaminiwa juu kuliko bei ya mtaani kilikaa rafuni, na kilichothaminiwa chini kilizolewa na wachuuzi wakaenda kukiuza nje. Washonaji nguo na viatu walijaa, chakula hakikuletwa. Noti ya saa 24 isiyonunua mkate ina thamani gani? Mwaka 1834 soko likafungwa.

Walioweza ni wale 28 wa Rochdale, mji wa Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844 kwa mtaji wa pauni 28: unga, shayiri, siagi, sukari na mishumaa. Fedha taslimu tu, mwanachama mmoja kura moja, ziada igawanywe kwa kadiri ya manunuzi. Hizo ndizo kanuni zilizosafiri dunia nzima mpaka zikaifikia Kilimanjaro. Owen mwenyewe aliyaona maduka kama hayo ni madogo mno kwa ndoto zake.

Bi. Daftari

Hapo mleta mada umejikwaa. Miongoni mwa wale 28 walikuwemo wafuasi wa Owen, na katika malengo waliyoyaandika 1844 kuna la kuanzisha makazi ya kujitegemea, jambo alilohubiri yeye. Wameacha noti za saa, wameacha kibao, wamebakiza duka na shule, kisha wakaongeza kura. Kama cheo ni cha aliyeanzisha wazo, mpe. Kama ni cha aliyetoa kura, kinawahusu wafumaji wa Rochdale. Mleta mada, unapima kwa lipi?