Stata ya Land Cruiser 1HZ: kufufua ya zamani, mtumba wa Japani au mpya ya nakala?

Uyole_75
Wakuu, gari ni HZJ75, injini ya dizeli 1HZ, volti 12, betri mbili. Asubuhi ukigeuza ufunguo stata (mota ya kuwashia injini) inalia "ta!" mara moja, kimya. Ukirudia mara ya tano au ya sita inazungusha kwa nguvu zake zote. Hapa Mbeya, sokoni Mwanjelwa, kuna stata za mtumba na mpya za nakala, bei hazipishani sana. Ipi itahimili baridi ya Juni na Julai huku?

Fundi_Ipogolo
Mkuu, usitoe hela bado. Kama betri ni nzima, "ta" moja kwenye stata ya Denso (chapa ya Japani) mara nyingi ni shaba za ndani ya solenoidi (swichi kubwa ya sumaku iliyo kwenye stata) zimelika. Plunja (kijiti kinachovutwa na sumaku) inaingia, ila sahani yake haizigusi shaba zote mbili, hivyo umeme mkubwa haupiti. Ya upande wa waya wa betri ndiyo huisha zaidi, utaikuta kama imeng'atwa.

Pima kwanza. Betri iliyotulia isome volti 12.6; wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9.6. Mtu ashike ufunguo, wewe pima waya mdogo wa solenoidi: ukipata chini ya volti 8, mgonjwa ni swichi ya ufunguo au waya wake, dawa ni rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa). Siku inapozungusha, weka mita kati ya nguzo chanya ya betri na bolti kubwa ya stata. Ikizidi volti 0.5, safisha vichwa vya betri au badili waya. Rudia upande wa hasi, kati ya betri na bodi ya stata. Waya wa ardhi wa injini ukiwa na kutu unafanya hata stata isiyo na ubovu ionekane imekufa.

Makambako_Dizeli
Naunga mkono. Shaba 2 na plunja ni bei ndogo mno ukilinganisha na stata kamili. Ila kabla ya kugusa chochote toa hasi ya betri ZOTE mbili. Ule waya mnene una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa chasisi ni cheche na kuungua.

Ukiamua mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Hesabu meno ya pinioni (gia ndogo ya stata inayozungusha injini), linganisha matundu ya bolti, soma lebo: 1HZ zipo za volti 12 na 24. Ya 24 kwenye gari lako itazunguka kivivu mpaka ukate tamaa. Muuzaji aijaribu kwenye vaisi, sekunde 3 hadi 5 tu. Pinioni itoke kwanza ndipo izunguke. Kisha zungusha pinioni kwa mkono: upande mmoja iende huru, upande wa pili igome. Ikienda huru pande zote, bendeksi (klachi ya pinioni inayoshika upande mmoja tu) imekufa, itakulilia "viii" huku injini haizunguki.

Nakala mpya mimi naiweka ya mwisho. Ganda linang'aa, lakini ubora wa shaba na bendeksi huwezi kuujua kwa macho.

Uyole_75
Shukrani. Nikifungua, nibadili na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka)?

Fundi_Ipogolo
Ndiyo, zote 4, na kagua amecha (sehemu inayozunguka ndani ya stata). Ikiwa na mfereji mahali kaboni zinapopita, ipelekwe kwa mchonga vyuma. Kifuniko cha solenoidi kina bolti 3, spana namba 8. Shaba mpya zikae usawa mmoja. Moja ikipanda juu, sahani itagusa upande mmoja na "ta" itarudi. Ukitenganisha solenoidi na kichwa cha pinioni, fanyia juu ya kitambaa: kuna gololi ndogo ya chuma na springi, vikidondoka bila kuonekana pinioni haitasukumwa.

Njombe_4x4
Kwa baridi yetu, kagua na plagi za kupashia joto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, zipo 6. Zikifa 2 au 3 unazungusha muda mrefu, na joto la kuzungusha huko ndilo linalochoma kaboni. Zungusha sekunde 10, pumzisha 30. Oili ya 15W-40, nyepesi zaidi kwenye baridi, huipunguzia stata mzigo asubuhi kuliko 20W-50.