Madoa meusi kwenye mbao za mashua: yatolewe vipi kabla ya kupaka vanishi upya?

Nahodha_Mpya
Wakuu, salaam. Mashua ni ya mita 6, ukingo wa juu wote ni mvule na viti vya ndani ni mahogani. Vanishi ya zamani ilibanduka ikaachwa hivyo misimu miwili. Sasa imekwanguliwa yote hadi mbao tupu, na kuna rangi za aina tatu: ukingo ulikuwa wa kijivu, kuzunguka vichwa vya skrubu kuna madoa meusi yenye ubuluu, na kwenye kona za viti kuna vidoadoa vyeusi kama pilipili manga. Msasa namba 80 umeondoa kijivu karibu chote, lakini weusi wa skrubu uko palepale, na nikiendelea nitaumaliza ubao. Mmoja ananiambia nimwage dawa ya klorini ya kufulia, mwingine anasema asidi ya oksaliki. Ipi sahihi, kipimo gani, na nikishaosha nisubiri muda gani ndipo nipake vanishi?

Tezo_na_Randa
Mkuu, hapo una magonjwa matatu, kwa hiyo usitafute dawa moja.

Kijivu ni kazi ya jua. Mionzi yake huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, kisha mvua huisomba. Ni ngozi nyembamba tu, haifiki milimita moja, ndiyo maana msasa umeimaliza.

Weusi wenye ubuluu ni chuma. Mvule una tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Skrubu ya chuma ikipata unyevu huyeyuka kidogo kidogo, na chuma hicho kikikutana na tanini unapata wino. Sikutanii, watu waliandikia wino wa namna hiyo kwa karne nyingi. Wino huo hufuata nyuzi na kuzama, kwa hiyo msasa hauufikii. Klorini haiutoi. Asidi ya oksaliki inautoa, kwa sababu hukikamata chuma na kukigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka majini na kuoshwa.

Vidoadoa vya pilipili manga ni kuvu. Hapo ndipo klorini ina kazi.

Kama huna hakika, jaribu tone moja la kila dawa kwenye madoa mawili tofauti, moja likiwa mbali na jingine. Doa likififia ndani ya dakika chache kwa oksaliki, ni chuma. Likififia kwa klorini, ni kuvu. Lisipotikisika kwa yoyote, choma kwa ncha ya bisibisi: ikizama bila kusukumwa, ubao umeoza, na hapo hakuna dawa ya rangi. Ni kukata na kuunga kipande.

Kalafati
Naongezea vipimo. Oksaliki inauzwa kama chembe nyeupe. Gramu 50 kwa lita ya maji ya moto (si yanayochemka) zinatosha madoa mepesi. Kwa weusi wa skrubu nenda gramu 100. Hapo unakaribia mwisho wa kinachoweza kuyeyuka, kwa hiyo maji yakipoa sana huenda ukaona chembe zikibaki chini ya ndoo. Si kosa. Ndoo iwe ya plastiki na brashi iwe ya nailoni, kamwe si ya bati au yenye pete ya chuma, maana utakuwa unaongeza madoa badala ya kuyatoa. Ni sumu, na inaunguza: glavu za mpira, miwani, na usiifanyie kazi karibu na vyombo vya chakula.

Paka ubao mzima, kuanzia kiungo hadi kiungo. Ukigusa madoa peke yake utapata miduara myeupe ambayo vanishi itaikoleza zaidi. Uache na majimaji dakika 20 hadi 30, ukiongeza pale panapokauka, kisha osha. Rudia mara mbili au tatu. Vyuma vya jirani, hasa alumini na vilivyopakwa zinki, ving'oe au vizibe kwa utepe na plastiki.

Kuosha ndiko kunakoharibikia kazi za wengi. Maji yawe baridi, mengi, na mara nne kwa uchache. Usitumie maji ya bahari: yana kalisi, na kalisi ikikutana na oksaliki hutengeneza unga mweupe usioyeyuka, unabaki kwenye vinyweleo vya mbao. Chumvi nayo hubaki ikivuta unyevu chini ya vanishi. Osho la mwisho weka soda ya kuokea, vijiko viwili vya mezani kwa lita, kuua asidi iliyobaki.

Mkuku_Wima
Hapo kwenye soda sikubaliani na Kalafati. Mbao yenye tanini nyingi ikiguswa na kitu cha magadi huwa nyeusi-kahawia, na mvule ni mojawapo. Umehangaika kuing'arisha, kisha unaifubaza mwenyewe. Maji matupu yanatosha ukiwa na subira. Karatasi ya kupimia asidi ikigusishwa kwenye ubao mbichi isome 6 au 7, basi. Soda ibaki kwa mbao zisizo na tanini.

Halafu tahadhari ya uhai: klorini na asidi visikutane kabisa, hata ubaoni. Vinatoa gesi ya klorini, na ndani ya mashua iliyofunikwa turubai haikupi nafasi ya kukimbia. Anza na kona za kuvu: sehemu moja ya dawa ya kufulia kwa maji sehemu nne, dakika 10, osha sana, acha ikauke hadi kesho yake. Ndipo ulete oksaliki. Dakika 10 si nusu saa. Klorini hula nyuzi pia na kuuacha uso wa ubao ukiwa na manyoya.

Kalafati
Kwa mvule nakubali, niliandika kwa ujumla mno. Ajaribu kwenye kipande kilichojificha.

Nahodha_Mpya
Ahsanteni. Skrubu zenyewe baadhi zimeliwa vichwa, hazitoki kwa bisibisi. Naweza kuziacha, nizibe juu kwa vizibo vya mbao?

Tezo_na_Randa
Ukiziacha, weusi utarudi hata upake vanishi mikono (tabaka) kumi. Unyevu hupita kwenye kiungo na kwenye ncha za ubao. Toboa kwa keekee katikati ya kichwa, kichwa kikishatoka inua ubao, kinachobaki kishike kwa koleo. Weka za shaba nyeusi, au chuma kisichoshika kutu daraja la 316. Vizibo vipya viwe vya mbao ileile, nyuzi zielekee upande uleule, uvigandishe kwa vanishi ili siku nyingine vitoke bila kupasua ubao.

Na stilwaya ya kusugulia sufuria isisogee karibu na mashua. Vipande vyake vidogo hubaki kwenye vinyweleo, na baada ya umande wa kwanza una vidoadoa vipya mia.

Mkuku_Wima
Kuhusu muda wa kusubiri, usihesabu siku, pima. Kipimo cha unyevu kisome chini ya asilimia 15, na 12 ni bora. Kama huna kipimo, bandika kipande cha plastiki angavu juu ya ubao, juani, kwa utepe pande zote nne, ukiache mchana kutwa. Ukiona ukungu chini yake, bado.

Ikishakauka, nyuzi zitakuwa zimesimama. Msasa namba 120 kisha 180, ukifuata nyuzi, na barakoa usoni: kama kuna oksaliki iliyobaki, vumbi lake litakukata pua na koo. Kisha futa kwa kitambaa chenye thina. Kwa sekunde chache ubao ukiwa umelowa unaonyesha rangi utakayoipata chini ya vanishi. Doa lisilokupendeza hapo rudia sasa, kwa sababu vanishi haifichi kitu.

Mkono wa kwanza wa vanishi nusu kwa nusu na thina ili uzame, wa pili robo thina, wa tatu thina kidogo tu, kisha nzima hadi ifike mikono sita au nane. Msasa 240 au 320 kati ya mikono. Ncha za ubao na matundu ya skrubu zipewe mikono miwili ya ziada kabla hujarudishia vyuma, kwa kuwa maji huanzia hapo. Anza umande ukishakauka, na uache mapema ya kutosha ili mkono wa mwisho ushike kabla ya umande wa jioni.