Barua pepe ileile: ofisini zipo, nyumbani hola. Nani alinivutia inboksi yote?

Wakuu, naomba nitapike hasira hapa, maana nikienda kuongea na jamaa wa IT ana kwa ana nitasema maneno ya kufukuzisha kazi.

Nina akaunti moja ya barua pepe, naitumia kazini na nyumbani, miaka sita haijawahi kunisumbua. Ijumaa ofisini nikaletewa kompyuta mpya, jamaa akaniunganishia barua pepe ndani ya dakika kumi, akaondoka na mluzi wake. Jumapili usiku nikafungua laptopu nyumbani nimalizie ripoti. Mteja alikuwa amenitumia jedwali Ijumaa mchana, nililisoma kwa macho yangu haya. Halipo. Nikatafuta kwa jina lake, hakuna. Kwenye taka, hakuna. Nikaingia kwa kivinjari, nako inboksi nyeupe pee, imebaki na matangazo matatu tu ya Jumamosi, yaliyoingia baada ya kompyuta ya ofisini kuzimwa. Miaka sita!

Huduma kwa wateja nao, eti "mfumo unaonyesha barua zimefutwa na kifaa chako mwenyewe." Nikaambiwa nibadilishe nywila. Nikabadilisha kama mtoto mtiifu, Jumatatu kompyuta ya ofisini nayo ikagoma kupokea, na IT wakawa wa kwanza kuniuliza nani kanituma niguse nywila.

Kumbe jamaa aliweka POP. Kuna njia mbili za kupokea barua kutoka kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayozihifadhi): POP na IMAP. Laptopu yangu inatumia IMAP, yeye huko kaweka POP, hata kuniuliza hakuniuliza. POP inachota kila kilichomo kwenye inboksi, inakiweka kwenye diski ya kompyuta ile, kisha inafuta kwenye seva, labda uwe umeweka tiki pale kwenye "acha nakala kwenye seva". Tiki hiyo kwangu haikuwepo. Folda nyingine zimesalimika kwa sababu POP haijui kitu zaidi ya inboksi, na mimi ndiye yule mtu wa kuacha kila kitu kwenye inboksi. Nisimangeni tu.

POP ya kwanza ilitoka 1984, mtu ana kompyuta moja na anaunga laini ya simu kwa dakika chache. Zama zile sawa kabisa. Lakini IMAP, inayoacha barua kwenye seva ili uzione popote ulipo, Mark Crispin aliibuni pale Stanford mwaka 1986. Yaani dawa ya tatizo langu ina karibu miaka arobaini, bado mtu anayelipwa mshahara ananiwekea POP!

Aibu zaidi ni barua nilizotuma. Kwa POP, unachotuma kinabaki kwenye kompyuta iliyotuma. Ijumaa nilikuwa nimeshamjibu mteja kwamba ripoti ni Jumatano. Nyumbani sikuliona jibu langu, nikamwandikia upya kumwomba jedwali na kumwahidi ripoti Jumanne. Jumatatu akajibu kwa mstari mmoja: "Tushike lipi?"

Kama nanyi mnatumia kompyuta mbili, fungueni setingi za kupokea barua sasa hivi. Mlango (namba ya "port") ukiwa 995 hiyo ni POP, 993 ni IMAP. Zile ambazo kwa kawaida hazina usimbaji (kuficha ujumbe njiani) ni 110 na 143, na hizo mzikimbie kabisa.

Sasa kilichonileta. Jamaa anasema kesho "atarekebisha" kwa kuondoa akaunti na kuiweka upya. Barua zangu zote ziko kwenye diski ile peke yake, akiondoa kwa pupa zinakwenda na maji! Nimemwambia aache ya POP kama ilivyo ila aizuie isipokee tena, aongeze ya IMAP pembeni, kisha niziburute mwenyewe kurudi kwenye seva. Ameguna tu. Ni barua 11,000 na ushee, nyingi zina viambatisho. Aliyewahi kuburuta mzigo wa namna hiyo aniambie: ulipeleka zote kwa mkupuo au mwaka mmoja mmoja? Na nafasi kwenye seva haikujaa katikati?