Mama hana jino hata moja, akiwekewa implanti akae muda gani ndio afungiwe meno?

Mngamiani
Wadau habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya meno. Mama yangu ana miaka 67, tupo hapa Ngamiani Tanga, hana jino juu wala chini. Meno ya bandia ya juu yanashika ila ya chini yanaelea tu, akitaka kula anayavua anayafunga kwenye leso anaiweka pembeni ya sahani, halafu boflo anaichovya kwenye chai mpaka ilainike ndio ameze. Inaniuma kumwangalia. Tumeenda Dar, dokta mmoja anasema atamwekea implanti 2 chini asubiri miezi 3, mwingine anasema implanti 4 na meno anapata wiki hiyohiyo. Nimfuate nani? Mama ana sukari pia.

kinywa_na_meno
Pole kwa mama. Wote wako sawa, ni njia mbili tofauti. Implanti ni skrubu ya titani, lazima mfupa uote uishike. Brånemark wa Sweden, aliyeanzisha njia hii, alimwekea mgonjwa wa kwanza 1965, na utaratibu wake ulikuwa miezi 3 chini, 6 juu maana mfupa wa juu ni laini. Siku hizi meno yanafungwa hata ndani ya wiki 1 ila skrubu iwe imeingia kwa kukaza kwelikweli, na zote 4 zishikwe na daraja moja gumu, yaani meno yaliyoungwa kipande kimoja. Adui ni mtikisiko, skrubu ikichezacheza mfupa haushiki, panaota nyama laini badala yake. Wiki ya 3 na ya 4 ndio za kuogopa, ule mkazo wa mwanzo unapungua na mfupa mpya haujakomaa. Kwa 2 za kubana meno ya kuvua, tena na sukari, mimi ningesubiri. Kapimeni kwanza kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita (HbA1c).

Chumbageni1
Nakazia hapo kwenye wiki ya 4. Baba alifungiwa siku ya tatu akaambiwa vitu laini tu wiki 8, akajiona kapona akala muhogo wa kuchoma. Hakusikia maumivu hata kidogo, siku ya kliniki dokta kafungua daraja skrubu ya nyuma inazunguka kwa vidole. Ikatolewa, tukaanza upya.

Mngamiani
Asanteni sana, nimewaelewa. Kipimo kile tunaenda Jumatatu. Sasa hiyo miezi 3 mama atakaa kibogoyo?

kinywa_na_meno
Hapana ndugu yangu. Siku za mwanzo asivae kitu chini, uji na mtori, kidonda kikipoa dokta anayachimba yale meno yake ya zamani sehemu zilipo skrubu anaweka utando laini kama mpira ndani, anayavaa. Usiku avue.