Uliibadilisha sura ya gari, mshale wa joto ukaanza kupanda? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale tuliowahi kushika grainda tukalibadilisha gari uso: bampa, shoo (grili kama wengine wanavyoiita), taa, lipu ya chini. Picha za kabla na baada zipo tele, sizihitaji. Nataka tuongelee kitu ambacho huwa hatukipigi picha, yaani mshale wa joto.

Naanza mimi. Gari langu ni saluni ya cc 2000. Shoo ya kiwandani ilikuwa imepauka, nikaibadilisha kwa ile isiyo na nembo, nyeusi tii. Matundu yake mengi ni mchoro tu, ukipitisha kidole kinagota plastiki. Hilo nililiona mapema na halikunisumbua, kwa sababu hata ya kiwandani nusu yake ilikuwa imezibwa vilevile. Magari mengi ya siku hizi yanapumua kwa chini, kwenye tundu la bampa, na shoo ya juu kazi yake kubwa ni sura.

Sasa ona nilivyoliharibu. Tundu la chini ndilo nikaliwekea wavu wa matundu madogo, kisha kibao cha namba nikakishusha katikati yake kwa kuwa kule juu kilikuwa kinavunja "uso". Nilipendeza, nisiwafiche.

Wiki mbili shwari, mshale katikati. Ikaja safari ndefu, abiria wanne, mlima usioisha. Kwanza AC ikaanza kupuliza uvuguvugu, nikajisemea gesi imepungua. Kumbe kondensa ya AC (ile inayopoza gesi yake) hukaa mbele ya rejeta, kwa hiyo hewa ikipungua AC ndiyo inayolia mwanzo. Dakika chache baadaye mshale, ambao sikuwahi kuuona ukitikisika, ukaruka kama umechomwa sindano. Nikazima AC, nikawasha hita hadi mwisho, wote tukaloa jasho, nikapata pa kuegesha. Mfuniko wa rejeta sikuugusa hadi ulipopoa, hapo nilikuwa na akili bado.

Niliporudi nikachomeka kisomeo cha OBD (kifaa kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari), ndipo nikajua mshale ulikuwa unanidanganya. Kwenye magari mengi geji imetengenezwa itulie katikati hata joto la maji likicheza nyuzi kumi au ishirini, dereva asiwe na wasiwasi. Mlima uleule, spidi ileile: kibao na wavu vikiwepo, nyuzi 108. Nikang'oa kibao peke yake, 101. Nikatoa na wavu, 95.

Kuhusu wavu, fanyeni hesabu hii kabla ya kununua. Tundu la mm 2 na waya wa mm 1: kila mm 3 una mm 2 za uwazi, upana kwa urefu inakuwa 4 kati ya 9. Asilimia 44 tu ndiyo wazi! Tundu la mm 10 na waya wa mm 2 unapata asilimia 69. Ukiwa hatua tatu mbali, zote mbili zinaonekana nyeusi na zinapendeza sawasawa.

Haya, nani anafuata?

Bawaba

Mimi sikugusa bampa, niligusa boneti. Niliona vijana wanaweka washa (vile vipete vya chuma vya kwenye bolti) kwenye bawaba ili boneti inyanyuke nyuma, karibu na kioo, "joto litoke". Nami nikaweka, sentimita mbili hivi. Kwenye foleni unaona kabisa hewa ya moto inacheza juu ya kioo, roho inasuuzika. Lakini nikifika kilomita 100 kwa saa joto linapanda kuliko zamani. Nikabadilisha thamostati, nikabadilisha mfuniko wa rejeta, wapi.

Mzee mmoja gereji akaniambia nibandike vipande vya uzi wa kushonea kwenye ule mwanya, kwa gundi ya karatasi, halafu mwenzangu aendeshe nami nitazame kutoka kiti cha abiria. Tukiwa taratibu nyuzi zilining'inia. Tulipokaza mwendo zote zikaingia ndani ya boneti! Zilinyonywa kabisa. Miguuni pa kioo hewa hujibana, presha yake inakuwa kubwa, na ndiyo maana watengenezaji huvutia hapo hewa ya kuingiza ndani ya gari. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa nyuma, hewa inaingia na kuisukuma ile inayotaka kutoka kwenye rejeta. Washa zipo kwenye droo hadi leo.

Taa Sita

Yangu ni gari la porini. Bampa la chuma, winchi, taa sita za duara zimepangwa mbele ya shoo. Injini haikuchemsha hata siku moja. Kilichokufa ni giaboksi.

Ni otomatiki. Mafuta yake yanapita ndani ya rejeta kupoozwa kabla ya kurudi, na mimi sikulijua hilo hadi fundi aliponionyesha mabomba mawili madogo yakiingia kwenye tanki la chini. Natembea mchangani taratibu, mzigo mzito, mbele kumezibwa na taa ambazo mchana siziwashi. Mafuta yalitoka ya kahawia, yananuka kama mkate ulioungua. Sasa taa nne nimezihamishia juu ya paa na giaboksi nimeiwekea rejeta yake ndogo. Zile mbili zimebaki kwenye kona za bampa, pembeni kabisa. Mke wangu anasema gari limepoteza sura. Nimenyamaza.

Kopo la Rangi

Nilipaka rejeta rangi nyeusi ya kopo isionekane nyuma ya shoo. Mwaka wa tatu huu. Haijachemsha.

Intakula

@Kopo la Rangi koti moja jepesi halina shida, tatizo ni wanaopaka kama ukuta hadi mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) yanazibana.

Langu lina tabo, ile inayosukumia injini hewa. Niliweka intakula kubwa (kipoza hewa ya tabo) mbele ya rejeta, inaonekana yote kwenye mdomo wa bampa, ndilo lengo lenyewe. Likawa linachemsha kwenye spidi, si kwenye foleni. Nikataka kununua rejeta nene zaidi. Rafiki yangu akaja na tochi, tukazima taa za gereji, akamulika kutoka mbele. Mwanga ulitokea kila upande: juu ya rejeta, pembeni, chini, vidole vitatu vinapita. Akanicheka. Hewa haina sababu ya kupita kwenye vitu viwili vyenye mapezi wakati pembeni pako wazi.

Tulikata bati jepesi la alumini, tukaunganisha mdomo wa bampa na fremu ya rejeta, nyufa zilizobaki tukajaza sponji ngumu. Nusu siku ya kazi. Rejeta ni ileile, na intakula bado inaonekana yote.

Chini kwa Chini

Naongezea upande wa chini maana kila mtu anatazama mbele. Nilishusha gari, ile plastiki ya chini ya injini ikawa inakwaruza kila tuta. Nikaitoa. Kwenye barabara kuu joto likapanda. Ile plastiki na ule mdomo wa bampa vinaizuia hewa isivamie chini ya injini, hapo nyuma ya rejeta presha inabaki ndogo na hewa ya mbele inavutwa. Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za 1982 hadi 1992 zinajulikana kwa hili: kidevu kidogo cha plastiki kikivunjika, mtu anahangaika na rejeta bure.

Sikubali

Mnayalaumu mabampa bure. Nusu ya magari haya yalikuwa na rejeta chafu au feni mbovu kabla hayajaguswa, bampa limekuja tu kuonyesha. Nimeona mtu ameunga waya za feni kinyume, inapuliza kwenda mbele, halafu analia na shoo.

Mleta mada

@Sikubali hujakosea, ila tutenganishe. Linalochemsha limesimama na kupoa likikimbia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni na kava yake. Linalochemsha likikimbia na kupoa kwenye foleni, tazama njia ya hewa na rejeta yenyewe. Langu lilikuwa la pili, na rejeta tuliifungua ikawa safi.

Mrejesho: shoo isiyo na nembo bado ipo, siitoi. Kibao cha namba kimerudi juu, mbele ya ile plastiki iliyozibwa ambayo haikuwa na kazi. Nimeweka sponji pembeni kama alivyofanya Intakula, mlimani sasa nacheza 93 hadi 94. Ila wavu nilioutoa umenigharimu, juzi kijiwe kimepiga kondensa, mapezi yamelala eneo la ukubwa wa kidole gumba. Halijavuja, lakini nimeagiza wavu mwingine, wa tundu la mm 10.

Kopo la Rangi

Rangi gani?

Mleta mada

Mweusi bwana. Unauliza nini sasa.