Huyu mtu wa "nunueni diski nyingine" afungiwe SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) maisha

Mzizi_Mkavu:
Wakuu, mnamjua. Kila ofisi anaye. Anaingia na sudo (mamlaka ya msimamizi) kama anaingia sebuleni kwao, viatu havui.

Ruti ya seva (sehemu kuu ya diski, `/`) imejaa 100%. Nginx, seva ya wavuti, inatema kosa la 502, na MySQL, hifadhidata, imesimama inasubiri nafasi. Mheshimiwa kaikuta logi ya programu, /opt/app/app.log, ina GB 31, kaifuta kwa `rm -f`, kapima nafasi kwa `df -h`, bado 100%. Hakujiuliza GB 31 zimeenda wapi. Kaandika kwenye grupu la kazi, bosi yumo, mhasibu yumo, nadhani hadi mlinzi wa getini yumo: "Diski yenu imekufa. Nunueni diski nyingine."

NUNUENI. DISKI. NYINGINE.

Mhasibu kashaanza kuulizia bei! Kwa faili ambalo yeye mwenyewe kalificha! `rm` inaondoa jina tu kwenye folda. Programu ya Java inayoliandika bado imelishika, na nafasi hairudi mpaka wa mwisho aliyelishika aliachie. Ndiyo maana `df` ilisema GB 55 zimetumika huku `du -xsh /`, inayohesabu faili zenye majina tu, ikipata 24. Hiyo tofauti ya 31 ilikuwa inampungia mkono. Piga `sudo lsof +L1`, inaorodhesha faili zilizofutwa ila bado zimeshikwa, uone: java, PID (namba ya programu) 2417, FD (namba ya faili aliloshika) 1w, ukubwa 33285996544, NLINK 0. NLINK 0 maana yake halina jina tena lakini lipo hai.

Dawa ni mstari mmoja, unalimwaga faili likiwa bado limeshikwa:

`sudo sh -c ': > /proc/2417/fd/1'`

Hiyo `sh -c` usiiache. Ukiandika `sudo : > /proc/...` alama ya > inafanywa na shell yako wewe, siyo ya root (msimamizi mkuu), utakataliwa. Sekunde moja, GB 31 zimerudi, MySQL ikaendelea yenyewe. Na mtu katuambia, mbele ya bosi, tununue diski nyingine.

Kamanda wa Terminali:
Hahaha "viatu havui". Huyo hata kwetu yupo, kahamia lini huko kwenu?

Angetumia `truncate -s 0 /opt/app/app.log` tangu mwanzo uzi huu usingekuwepo. Logi inayoandikwa haifutwi, inamwagwa.

sudo_bila_adabu:
Mkuu makelele yote haya kwa faili moja? Reboot ingemaliza.

Mzizi_Mkavu:
Reboot saa tano asubuhi, wateja wanalipia bili? Reboot inaachia faili, kweli, na inaangusha kila huduma iliyokuwa nzima. Huyu na yule lao moja. Bado kidogo uniambie ninunue diski nyingine.

Bi_Logrotate:
Mleta uzi, hasira zako nazielewa ila kazi yako haijaisha. Hiyo Java imewashwa vipi? Kama ni `nohup java -jar app.jar > app.log`, basi alama moja ya > ndiyo itakayokurudisha hapa. Programu inakumbuka ilipofika. Ukimwaga faili, inaendelea kuandika kuanzia GB 31 ileile, na `ls -lh` itakuonyesha dude kubwa hata kama `du -h` inasema MB chache. Mtu wako akiliona ataagiza diski mbili. Weka >> ili iandike mwishoni siku zote.

Kisha mpe kazi logrotate, programu ya kuzungusha na kufuta logi za zamani, kwenye /etc/logrotate.d/app: `daily`, `rotate 7`, `compress`, `copytruncate`, `maxsize 500M`. Angalizo kwenye maxsize: logrotate kwa kawaida huamka mara moja kwa siku, kwa hiyo logi inaweza kujaza ruti mchana na yeye amelala. Iamshe kila saa. Na copytruncate inanakili kwanza ndipo inamwaga, kwa hiyo inahitaji nafasi ya nakala. Diski ikishajaa haikusaidii.

Halafu nani kaacha debug (logi za kina kupita kiasi) imewaka kwenye seva ya kazi? Huyo ndiye wa kufungiwa.

Kamanda wa Terminali:
^^ Swali la debug mleta uzi ameliruka kama dimbwi.

Mzizi_Mkavu:
Debug naizima leo leo. Lakini tusihame kwenye mada: DISKI NYINGINE, mbele ya mhasibu!

Chakavu64:
Naomba kuuliza kwa upole. Hiyo ni Ubuntu Server? Diski ni GB 120? Piga `sudo vgs`, angalia safu ya VFree (nafasi ambayo haijagawiwa).

Mzizi_Mkavu:
VFree 58 na ushee.

Chakavu64:
Ahsante. Kisakinishi cha Ubuntu ukikiachia LVM (mfumo wa kugawa diski vipande) kwenye diski ya kati ya GB 20 na 200, ruti inapewa nusu tu, nusu nyingine inakaa bure. Hiyo diski nyingine mnayo tayari, imo ndani ya hiyohiyo.

`sudo lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

-r inapanua na mfumo wa mafaili papo hapo, bila kuzima kitu. Ila usichukue zote, bakiza GB 10 za snapshot (nakala ya papo hapo): mahali pa `-l +100%FREE` weka `-L +48G`.

sudo_bila_adabu:
😂😂😂 Kwa hiyo jamaa alikuwa sahihi nusu.

Mzizi_Mkavu:
Hakuwa sahihi hata robo! Yeye kasema NUNUENI!

Mama Kontena:
Nyie mna bahati. Wa kwetu aliingia /var/lib/docker/overlay2, Docker inakoweka mafaili ya kontena (programu zilizofungashwa), akapiga `rm -rf` kwenye folda zenye majina marefu, eti "takataka". Kontena zote chini, na Docker bado inaamini image (vifurushi vya kuundia kontena) zipo, ikabidi kuzivuta upya zote. Mtu unaanza na `docker system df`, kisha `docker builder prune`, kisha `docker image prune -a`. Na --volumes (inayofuta hifadhi za data) usiiguse kabla hujajua data inakaa wapi. Logi za kontena ziwekee max-size 10m na max-file 3 kwenye daemon.json, na kontena za zamani uziunde upya, maana mpangilio huo haushiki zilizokwishaundwa.

Kamanda wa Terminali:
Mama, huyo wako anamzidi wa mleta uzi. Wa tatu namjua mimi: anafuta binlog (kumbukumbu za mabadiliko) za MySQL kwa rm. Kuna `PURGE BINARY LOGS` jamani! MySQL 8 inazitunza siku 30 usipoigusa, punguza `binlog_expire_logs_seconds`, na uangalie kwanza kama replika (seva nakala) imeshazisoma.

Inodi_Zimeisha:
Na sisi ambao `df -h` inasema 40% na bado hakuna kinachoandikika? `df -i` 100%, yaani inodi (nafasi za idadi ya faili) zimeisha, maana kuna faili za session za PHP (kumbukumbu za watumiaji) mamilioni. `rm *` inakataa, orodha ndefu mno. Inabidi `find /var/lib/php/sessions -type f -mmin +1440 -delete`, na inatambaa kutwa nzima.

sudo_bila_adabu:
Wewe unatumia PHP gani mpaka session hazisafishwi?

Inodi_Zimeisha:
Swali la PHP limetoka wapi tena? Jibu la inodi hamna mnahamia lugha.

Mzizi_Mkavu:
Jamani uzi ni wa yule mtu

Mama Kontena:
@Inodi_Zimeisha hamishia session kwenye Redis (inahifadhi kwenye RAM). Una RAM kiasi gani hapo?